Nina watoto wanne: je, nimewapunja? Na nizae wa tano?

"Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni fundi gereji, mimi nauza vitenge na mashuka sokoni. Tukijitahidi tunapata kama laki tisa kwa mwezi. Tuna watoto wanne. Wa kwanza ni msichana, yuko kidato cha tatu shule ya kata. Wa pili ni mvulana, yuko darasa la tano shule ya kulipia, ada milioni moja na nusu kwa mwaka. Wa tatu, msichana, yuko darasa la tatu shule ya serikali. Wa mwisho, naye msichana, ana miaka miwili na miezi mitatu. Nilipomzaa huyu wa mwisho nilikaa nyumbani miezi sita, mtaji ukakatika, na dada wa kazi akaondoka kwa sababu hatukuweza kumlipa. Tangu hapo binti yangu mkubwa akitoka shule ndiye anayembeba mdogo wake, anapika na kuosha vyombo. Alikuwa anashika nafasi ya nane darasani. Muhula uliopita ameshika ya arobaini na moja. Sasa mume na mama mkwe wanataka mtoto wa tano, wapate mvulana mwingine. Wanasema kila mtoto huja na riziki yake. Jirani yangu ana wawili tu, wote wako shule ya kulipia na Kiingereza kinawatiririka. Nikiwaangalia wangu najiona nimewapunja kwa kuzaa wengi. Je, ni kweli kwamba watoto wakiwa wengi kila mmoja hupata kidogo? Na huyu wa tano nizae au nikatae? Nina miaka 36."

Dada yangu, pole na mzigo huo, na asante kwa kueleza kwa kirefu, maana sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako. Umeuliza kama idadi ya watoto hupunguza kile kila mmoja anachopata kwa wazazi wake, na kama uzae tena. Nitajibu yote mawili. Lakini aliyenishtua katika barua yako si mtoto wa tano ambaye hajazaliwa. Ni binti yako wa kidato cha tatu, na nitamrudia.

Kwanza tuitazame hiyo hukumu uliyojipa, kwamba umezaa wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8 katika maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulizidi 6. Kwa jirani zetu Kenya ulikuwa karibu 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2022 ulishafika 3.4. Kwa hiyo wanne si idadi ya kukuonea aibu. Kilichobadilika sana ni gharama ya kumfikisha mtoto utu uzima. Zamani mtoto wa miaka kumi kijijini alikuwa na kazi inayoonekana: kuchunga, kuteka maji, kuamia ndege shambani. Mtoto wa leo wa Morogoro mjini atatumiwa fedha hadi avuke miaka ishirini kabla hajaleta shilingi nyumbani.

Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, ndiye aliyeufanya uhusiano huu uchunguzwe kwa hesabu. Alianza mwaka 1960, na mwaka 1973 akaufafanua zaidi akiwa na mwenzake Lewis. Hoja yao ni kwamba idadi ya watoto na kiasi unachotaka kutumia kwa kila mmoja vinavutana. Ukiamua kwamba kila mwanao lazima asome shule ya milioni moja na nusu, basi mtoto wa ziada haji na mdomo wa kulisha tu, anakuja na milioni moja na nusu yake kila mwaka. Na ukishakuwa na watano, kila unapotaka kupandisha kiwango, tuseme wote wapate masomo ya ziada, unakipandisha mara tano. Ndiyo maana wazazi wanaotaka kutumia sana kwa kila mtoto mara nyingi huishia kuzaa wachache, na wenye wengi husita kupandisha kiwango. Hakuna ubaya wala uvivu wa mzazi hapo.

Sasa si kila kitu nyumbani hugawanyika kwa namna moja. Taa ya sebuleni inawaangazia wawili sawa na inavyowaangazia watano. Sare hurithiwa, na vitabu pia, mradi mtaala usibadilike katikati kama ulivyoanza kubadilika mwaka 2024. Dada humfundisha mdogo wake kusoma, na faida hiyo mtoto wa pekee haipati. Ada haina msamaha, kila mmoja ana yake. Chakula hugawanyika, japo sufuria kubwa hupikwa kwa nafuu kuliko mbili ndogo. Kinachogawanyika kwa uchungu kuliko vyote ni muda na usikivu wa mzazi, kwa sababu huwezi kuukopa wala kuununua kwa jumla. Mtafiti Joseph Price alichambua takwimu za namna Wamarekani wanavyotumia siku zao, akachapisha mwaka 2008: mtoto wa kwanza hupata dakika 20 hadi 30 zaidi kila siku za kuwa karibu na mzazi wake, ukimlinganisha na wa pili alipofikia umri ule ule. Wazazi hao hawakumbagua wa pili. Kila siku waliwagawia watoto wao muda unaokaribia kulingana, ila muda wenyewe hupungua kadiri familia inavyozidi kukua, na wa kwanza alishafaidi miaka ya mwanzo.

Hapo ndipo wengi husimama na kusema: basi, watoto wachache ni bora, imethibitika. Haijathibitika hivyo. Mchukue jirani yako. Unamwona ana watoto wawili na shule nzuri, unaunganisha vitu viwili hivyo kana kwamba kimoja kimezaa kingine. Je, amesoma hadi wapi yeye na mumewe? Wana mshahara wa kila mwezi au biashara inayopanda na kushuka? Nyumba ni yao au wanapanga? Watu wenye kipato cha uhakika mara nyingi huchelewa kuzaa, huzaa wachache, na pia hulipa ada. Hata angekuwa na watoto wanne, huenda wangekuwa wanasoma vizuri. Na wewe ungekuwa na wawili, gereji na kibanda cha vitenge vingebaki vile vile.

Watafiti walilijua tatizo hili, wakatafuta njia ya kulikwepa. Waliwatumia mapacha. Familia mbili zimepanga kuzaa mara tatu. Moja inapata mtoto mmoja katika uzazi wa tatu, nyingine inapata pacha. Hiyo ya pili imeongezewa mtoto bila kuchagua, hivyo ukilinganisha watoto wakubwa wa familia hizo mbili unaona athari ya idadi yenyewe, si ya tabia au kipato cha wazazi. Mark Rosenzweig na Kenneth Wolpin walifanya hivyo kwa kaya za India, wakachapisha mwaka 1980, na wakakuta kweli mtoto wa ziada hupunguza elimu ya wenzake. China, katika utafiti wa mwaka 2009, athari ilikuwepo lakini ndogo kuliko watu walivyodhani. Norwei mambo yakawa mengine kabisa. Sandra Black, Paul Devereux na Kjell Salvanes walichukua takwimu za karibu taifa zima, na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba ukishazingatia mtoto amezaliwa wa ngapi, athari ya ukubwa wa familia inakaribia kutoweka. Israeli, Joshua Angrist na wenzake nao hawakuona kwamba mtoto wa ziada huwapunguzia wakubwa elimu.

Kwa nini India iseme hivi na Norwei vile? Maelezo yanayonishawishi mimi ni swali la nani analipa. Norwei shule, matibabu na likizo ya uzazi hubebwa na kodi za wote. Pacha akija, serikali inaongeza dawati. Pale ambapo mzazi hulipa kwa mfuko wake, mtoto wa ziada huingia moja kwa moja kwenye sufuria na kwenye ada. Sisi tuko katikati. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Lakini wewe mzazi unajua kwamba nauli, sare, madaftari na mchango wa chakula havijaondoka.

Na kuna tofauti nyingine, ndiyo inayomgusa binti yako. Norwei waliosoma kidogo ni waliozaliwa baadaye, wa kwanza akawa mbele. Katika nchi ambako kaya hazina akiba, mara nyingi ni kinyume. Tafiti za Ufilipino na Ecuador zimeonyesha watoto wa mwisho wakisoma zaidi kuliko wa kwanza. Sababu si ngumu kuiona: mdogo anazaliwa wakati wa kwanza ana nguvu za kubeba, kupika au kuuza. Anayelipia ujio wake ni mkubwa. Kwa hiyo mtu akisema familia kubwa hugawa kila kitu kidogo kidogo kwa usawa, hasemi kweli. Mzigo huwa haugawanywi. Huangukia mtoto mmoja au wawili, kwa kawaida mkubwa, na kwa kawaida wa kike.

Soma tena maelezo yako kwa jicho hilo. Mtaji ulikatika, dada wa kazi akaondoka, binti akachukua kazi yake, nafasi ya nane ikawa ya arobaini na moja. Hukuhitaji mtaalamu kukuambia chanzo, umekipanga mwenyewe kwa mfuatano. Huyo hajawa mzembe. Anafanya kazi ya mtu mzima kisha anafungua daftari akiwa amechoka. Kumsaidia mama nyumbani ni malezi, na siwezi kumshauri mzazi yeyote amlee mtoto asiyejua kuosha sufuria. Lakini kazi ikishamla muda wa kusoma kila jioni, mwaka mzima, hapo amekuwa nguzo ya kaya kabla ya umri wake.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, na naliingia kwa heshima. Mapato yenu ya mwaka ni kama milioni 10 na laki 8. Ada ya mvulana peke yake inachukua karibu sehemu moja kati ya saba. Dada yake mkubwa anapata sare, nauli na michango. Hata mngekuwa na hao wawili tu, pengo lingekuwepo, na usingeweza kuilaumu idadi ya watoto. Limetokana na uamuzi, na nahisi ulifanywa kwa sababu yeye ni mvulana. Simwambii mzazi amtoe mtoto shule katikati ya safari. Kumhamisha ghafla kunaweza kumvunja moyo na kuchochea uhasama kati ya ndugu. Ila mnaweza kuamua sasa kwamba amalize elimu ya msingi hapo alipo, kisha sekondari aende ya serikali kama dada yake. Masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, hivyo alichojifunza hakitapotea. Fedha itakayobaki ndiyo itakayowasukuma dada zake.

Sasa riziki. Sibishani na imani ya mama mkwe wako, na nakusihi nawe usibishane nayo. Anasema alichokiona. Katika ujana wake mtoto alizaliwa kwenye ukoo: shamba lilikuwepo, bibi alikuwepo mlangoni, na mjomba mwenye ajira mjini aliwachukua wapwa zake akawasomesha. Riziki ile ilikuwa na watu walioibeba. Kwenye nyumba ya kupanga mjini watu hao ni wewe, mumeo na binti wa kidato cha tatu. Kwa hiyo badala ya kumpinga, mwombe ashiriki. Kama afya yake inaruhusu, aje akae nanyi miezi kadhaa amshike huyu mdogo mchana na jioni. Mama mkwe wengi, wakishaona kwa macho yao ratiba ya nyumba ya mjini, mazungumzo hubadilika yenyewe.

Kuhusu mvulana wa pili, mumeo ajue kwamba mimba ya tano inakaribia nusu kwa nusu kuwa ya msichana, kama zilivyokuwa zile nne. Ajue pia kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba. Nasema hivi kwa sababu nimeona wake wakilaumiwa kwa jambo lisilo mikononi mwao. Akizaliwa msichana wa nne, mtatafuta wa sita? Swali hilo lijibiwe kabla, si baada.

Sasa nizae au nisizae? Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, na wewe umeshaivuka. Kwa upande huo hujakosea. Lakini una miaka 36, na huu ungekuwa uzazi wa tano. Wakunga huuweka uzazi kama huo kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu, hasa kwa hatari ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Wengi hujifungua salama, ila ni mimba ya kufuatiliwa kliniki tangu mwanzo na kujifungulia mahali penye daktari na damu ya akiba.

Kwa upande wa kaya, gharama kubwa ya mtoto wa tano kwako haitakuwa maziwa wala nguo. Ni kibanda chako. Mara ya mwisho miezi sita ilitosha kukata mtaji, na athari yake bado mnaishi nayo. Wanaume wengi hawaihesabu gharama hii kwa sababu haitoki mfukoni, ni fedha ambayo haikuingia. Ukae na mume wako mwandike kwenye karatasi: kibanda kikifungwa, mwezi mmoja unapoteza kiasi gani? Nani atamshika mtoto ukirudi sokoni? Kama jibu la swali la pili ni jina la binti yenu, mmeshapata jibu la swali kubwa.

Ukinitaka niseme bila kuzunguka: kwa hali uliyoieleza, msizae sasa. Sisemi msizae kamwe. Kibanda kikisimama tena, mkapata mlezi wa uhakika na binti akamaliza kidato cha nne, mnaweza kulizungumza upya, mkikumbuka umri wako nao unasonga. Huo ni ushauri wangu, na uamuzi unabaki wenu wawili.

Kinachoweza kuanza wiki hii ni jioni za binti. Njia ya kwanza ni kituo cha kulelea watoto mchana, ulinganishe bei yake na unachopoteza sokoni. Uhakikishe kimesajiliwa, ukakitembelee saa ambazo hawakutarajii. Ya pili ni dada wa kazi, hata wa nusu siku. Lakini tafadhali asiwe mtoto wa miaka 13 aliyetolewa shule kijijini, maana hapo mtakuwa mmemwokoa wenu kwa kumtumbukiza wa mwenzenu. Ya tatu ni kugawa kazi upya: mvulana wa darasa la tano anaweza kuosha vyombo na kuteka maji, na baba akirudi gereji anaweza kumshika mtoto saa moja na nusu. Hii haina gharama ya fedha, na bado ndiyo huwa ngumu kuliko zote. Anza nayo. Mweleze binti mbele ya wenzake kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kulala ni muda wake wa masomo, na mtu asimtume.

Msisubiri ushauri wa mbali kwa mambo haya. Nendeni wote wawili kliniki. Katika vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure. Mtoa huduma atakupima presha na wingi wa damu, na kukueleza kinachokufaa: vijiti hukinga miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina, kitanzi cha shaba huweza kufika miaka kumi, na vyote huondolewa mkibadili nia. Mume akiwa pale, maswali yake yatajibiwa na mtaalamu badala ya na wewe usiku chumbani.

Kama binti ameanza kutoroka shule, halali vizuri, analia bila sababu au amejitenga, usimalize kwa kumgombeza. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu. Na mtu yeyote wa ukoo akianza kusema kwamba kwa kuwa ameshuka darasani heri aolewe au akae nyumbani, piga simu ya huduma kwa mtoto 116, ni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asibaguliwe, na inawapa wazazi wajibu wa kumpatia elimu, na hata nafasi ya kucheza na kupumzika.

Halafu muone mwalimu wake wa darasa kabla muhula haujaisha. Mweleze hali ya nyumbani jinsi ilivyo, kwa sababu walimu wengi wakiona mwanafunzi ameporomoka hudhani ni mapenzi au utundu. Uliza ni masomo gani yamemwangusha zaidi, na kama anaweza kubaki shuleni kujisomea na wenzake siku mbili tatu kwa wiki. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba ya mwaka ujao. Mtoto aliyewahi kushika nafasi ya nane ana muda wa kutosha kuirudia, akirudishiwa jioni zake sasa.